SOMO LA REDIO: DAWA YA WADUDU NA MWILI WA MTU

Leo tutazungumza juu ya dawa ya wadudu: jinsi ilivyoundwa, na jinsi inavyomdhuru mtu.

Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, watu hulima kabichi, karoti na njegere, na mboga hizo hushuka mpaka Morogoro na Dar es Salaam. Wadudu nao huzipenda. Ndipo mkulima anapobeba bomba la dawa mgongoni.

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Atomu zikishikana hufanya molekuli. Tazameni D.D.T., ambayo Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kuwa inaua wadudu. Molekuli yake moja ina atomu 14 za kaboni, 9 za haidrojeni na 5 za klorini. Zimeshikana imara, hata jua na mvua huchukua miaka mingi kuzivunja. Tena hupenda mafuta kuliko maji. Basi hukaa katika mafuta ya samaki, ya ndege, na ya mwili wetu. Kwa hiyo mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yaliiachia kazi ya kupigana na wadudu waletao magonjwa, kama mbu wa malaria.

Jamii ya pili ina atomu ya fosforasi katikati, na pembeni yake oksijeni au sulfuri. Hii huvunjika upesi zaidi shambani, na wengine hudhani kwamba ni nafuu. Sivyo! Mishipa ya fahamu hutuma tarishi kwenye misuli. Tarishi akiisha sema neno lake, mwili una mfagiaji wa kumwondoa. Fosforasi humkamata yule mfagiaji. Tarishi hubaki mlangoni akipiga hodi, hodi, hodi! Mgonjwa hutokwa jasho na mate, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, na pumzi yaweza kukatika.

Tuseme mzee mmoja amefika zahanati akitoka jasho jingi. Muuguzi amwulize alitumia dawa gani. Mzee aona haya, anyamaza. Lakini Waluguru wanaujua utani, na babu na mjukuu hutaniana. Muuguzi anamvua shati huku akisema, "Babu, leo dawa umewapa wadudu, au umewanyima ukainywa mwenyewe?" Mzee acheka. "Sikuinywa, mjukuu wangu. Bomba linavuja mgongoni."

Basi habari imepatikana: sumu iliingia kwa ngozi. Muuguzi anamwosha kwa sabuni na maji mengi, akivaa glavu, naye mganga ana sindano ya atropini, inayomzuia tarishi asisikiwe. Kwa mgonjwa anayekakamaa au asiyeweza kupumua hakuna utani. Hapo ni mbio tu.

Mkimpeleka mgonjwa, chukueni na chupa, au karatasi yake. Chini ya karatasi hiyo kuna mstari wa rangi: mwekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Chupa iliyokwisha isitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya taa.

Sasa fungueni madaftari, mwandike: sumu, fosforasi, mate, mboni, bomba linavuja.