Kipunji: Jina la Kinyakyusa katika Orodha ya Sayansi

Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza spishi mpya ya kima kutoka misitu ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na Milima ya Udzungwa. Upya huo ulikuwa wa kisayansi tu, kwani Wanyakyusa waishio kuzunguka Mlima Rungwe walikwishamfahamu na kumwita kipunji.

Kwa utaratibu uliowekwa na Carl Linnaeus wa Sweden katika karne ya 18, kila spishi hupewa jina la maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu. La pili huitambulisha spishi yenyewe. Kima huyu aliandikwa kwanza Lophocebus kipunji, kwa kuwa umbo lake lilifanana na kima wa jenasi hiyo. Mwaka 2006, uchunguzi wa vinasaba vya kipunji aliyekufa katika mtego wa mkulima ulionesha kuwa ana undugu wa karibu zaidi na nyani. Hivyo akaundiwa jenasi yake, iliyopewa jina la mlima: Rungwecebus. Neno kipunji halikuguswa, kwa kuwa kanuni huhifadhi jina la spishi hata jenasi inapobadilika.

Orodha za kimataifa za viumbe walio hatarini kutoweka hupangwa kwa majina haya, na kiumbe asiyetambuliwa ni vigumu kumwombea ulinzi. Kipunji, anayepatikana Tanzania pekee, sasa yumo katika orodha hizo.