Mwenye Kuwatetea Wanyonge, Nani Atamtetea?

Katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anatupa habari ya mtu mmoja aliyekuja mbio kutoka upande wa mbali wa mji, akamwarifu Nabii Musa (a.s.) kwamba wakubwa walikuwa wakishauriana kumwua, akamnasihi aondoke. Qur'ani haikulitaja jina lake. Lakini kila mwenye akili aelewa kwamba siri ile ingalifichuka, roho ya mtu yule ingalikuwa hatarini.

Ndugu Waislamu, watu wa namna hiyo tunao hapa Mara. Kila ufikapo mwezi wa Desemba, shule zikifungwa, katika baadhi ya vijiji vyetu mabinti hutayarishwa kukeketwa. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa huu wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na katika nchi nzima walikuwa 10 katika kila 100. Wazee wa mila huiita heshima. Na baba mwenye tamaa huhesabu ng'ombe wa mahari, kwa kuwa binti aliyekeketwa huozwa kwa ng'ombe wengi zaidi. Tangu mwaka 1998 sheria imekataza jambo hili kwa binti aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Wala mtu asijifiche nyuma ya dini. Mwaka 2007 Baraza Kuu la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar, Misri, lilitamka kwamba ukeketaji hauna asili katika sheria ya Kiislamu.

Lakini sheria haina miguu ya kutembea usiku. Anayetembea ni shangazi amtoroshaye mtoto, au mwalimu apelekaye habari polisi, au mama afunguaye mlango binti anapobisha. Bibi Rhobi Samwelly ni mmoja wao. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13, akakaribia kufa. Alipokuwa mtu mzima aliwafungulia wengine mlango wa kukimbilia. Shirika alilolianzisha lina nyumba salama katika wilaya za Butiama na Serengeti, ambamo mabinti hulala, husoma, na hupatanishwa na wazazi wao pale inapowezekana.

Sasa tuulize: huyu aliyemwokoa mtoto wa mwenziwe, kesho ataamkaje kijijini? Yule shangazi hana nyumba salama ya kukimbilia. Kisima chake ni kile kile cha ndugu waliokasirika. Huitwa msaliti wa ukoo, hususwa msibani, watoto wake huchekwa njiani, na pengine hutishwa usiku. Akinyamazishwa yeye, na wengine kumi waliokuwa wakijiandaa kusema nao hunyamaza. Basi amwachaye mtetezi peke yake amewaacha na mabinti wote ambao angaliwaokoa.

Ulimwengu umelitambua jambo hili. Tarehe 9 Desemba 1998 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la kuwalinda watetezi wa haki za binadamu, na kuzitaka serikali ziwakinge na vitisho na visasi. Hapa kwetu ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na upo Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu tangu mwaka 2012. Haya ni mema, lakini ofisi ziko mbali, na jirani yuko karibu.

Yatupasa nini basi majumbani mwetu? Kwanza, tuuzuie ulimi. Swali la "Nani aliyesema?" likiulizwa barazani, lisijibiwe, wala lisiulizwe na sisi. Pili, tusimwache pekee: tumtembelee, tumsindikize, tuhudhurie msiba wake hata wengine wakiususa. Tatu, akitishwa, tumsaidie kuandika siku, saa na maneno aliyoambiwa, kisha tufuatane naye hadi dawati la jinsia na watoto kituoni polisi. Nanyi vijana, mkijua kwamba mtoto yu hatarini, iko simu namba 116, isiyo na malipo. Nne, nyumba inayohifadhi mabinti inahitaji unga, maharage, sabuni na madaftari. Sadaka zetu zifike huko. Na maimamu wetu waiseme haki hii mimbarini kabla ya Desemba, ili mtetezi asionekane kuwa anasema peke yake.

Huenda mtu akasema, "Wengi wa watetezi hao si Waislamu." Tumjibu kwa Sira ya Mtume wetu (s.a.w.). Aliporudi kutoka Taif, alikofukuzwa kwa mawe, hakuweza kuingia Makka bila ya mtu wa kumpa himaya. Aliwapelekea ujumbe watu wawili, wakakataa. Wa tatu, Mut'im bin Adiyy, alikubali. Akavaa silaha pamoja na wanawe, wakasimama penye Al-Kaaba, akatangaza kwamba Muhammad yu katika himaya yake. Mut'im hakuwa Mwislamu, na alikufa bila kusilimu. Hata hivyo, baada ya vita vya Badr, Mtume (s.a.w.) alisema kwamba kama Mut'im angalikuwa hai akawaombea wale mateka, angalimwachia wote kwa ajili yake.

Mtume (s.a.w.) hakuusahau wema wa aliyesimama mlangoni siku ya hatari. Nasi tulio umati wake, haya iliyoje kwetu kumfungia mlango anayesimama leo kwa ajili ya mtoto wa jirani! Desemba haiko mbali. Kila nyumba na iamue sasa, kabla ya mlango kubishwa, itasimama upande gani.

Wabillahi tawfiq.