Chakula cha Mdogo Wangu

Makala haya nayaandika kwa sababu ya mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 11. Mwaka jana alianza kuhara na kusokotwa na tumbo, na choo chake mara nyingine kikawa na damu. Hapa Magongo kila jirani alikuwa na lake: huyu asema minyoo, yule asema jicho la watu, mwingine akamnong'onezea mamangu kuwa ni pilipili ya achari. Alikonda hata sare ya shule ikawa yamning'inia.

Kumbe ulikuwa ugonjwa wa Crohn. Jina latokana na Burrill Crohn, daktari wa New York, ambaye yeye na wenzake wawili waliueleza mwaka 1932. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, huugeukia utumbo wenyewe, ukavimba na kutoka vidonda. Hauambukizi. Hufanana sana na kifua kikuu cha utumbo, ndiyo maana alipimwa hicho pia, kisha akapitishwa mpira mwembamba wenye kamera.

Sasa chakula, na hapa ndipo nilipostaajabu. Kwa watoto wenye ugonjwa huu, tiba ya kwanza mara nyingi ni maziwa maalumu ya kopo yenye virutubishi vyote, yanywewe peke yake bila tonge la chakula, kwa wiki 6 hadi 8. Wengi hupata nafuu, tena hukua vyema, tofauti na dawa za steroidi ambazo huweza kumdumaza mtoto. Lakini yataka moyo! Sisi twala wali kwa mchuzi wa samaki, yeye na kikombe chake. Siku ya tisa nilimkuta nyuma ya nyumba akila hamri kavu, atafuna huku analia. Sikumsema kwa mama. (Labda atajua akisoma gazeti hili.)

Na pesa je? Kopo laisha upesi, na babangu ni mpakiaji mizigo. Wiki ya nne zikatuishia. Mshauri wa lishe akatupa njia nyingine, ambayo utafiti wake ulichapishwa mwaka 2019: nusu maziwa hayo, nusu chakula kilichochaguliwa. Wali, viazi, kifua cha kuku, mayai, na ndizi mbivu mbili kila siku. Vitu vya ngano, maziwa ya ng'ombe, soseji na soda, marufuku.

Shangazi alitaka aondolewe hata mayai. Mshauri akakataa katakata, kwani mtoto anayekatazwa kila kitu hudumaa, na huyu damu yake ilikuwa tayari imepungua. Tena, mwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana asiige haya. Maziwa peke yake hayautulizi ule.

Dawa zake bado azimeza. Juzi alipimwa akawa kilo 27, kutoka 23. Mahamri bado ayaulizia kila asubuhi.