Ukanda wa Begani na Zamu za Usiku

Mbio za kupokezana tunazozijua wengi wetu ni zile za viwanja vya shule: watoto wanne, kijiti kimoja, na jambo limekwisha kabla vigelegele vya akina mama havijatulia. Ziko nyingine ambazo mtu hupokewa usiku wa manane, katika kituo kisicho na watazamaji, na mwenziwe aliyekuwa akipambana na usingizi kwa kumngoja.

Mwaka 1917, katika kuadhimisha miaka 50 tangu Tokyo kuwa mji mkuu wa Japani, gazeti la Yomiuri liliandaa mashindano kutoka Kyoto, mji mkuu wa zamani, hadi Tokyo. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500, unaoupita ule wa barabara ya Mombasa hadi Nairobi. Njia hiyo kongwe, Tokaido, hapo kale ilikuwa na vituo 53 ambako wajumbe walibadilisha farasi na kupokezana barua. Ndiyo maana mbio zikaitwa ekiden, yaani kituo na kufikisha. Safari iligawanywa sehemu 23, zikashindana timu mbili, ya mashariki na ya magharibi. Walitoka tarehe 27 Aprili mchana. Wa kwanza aliingia Tokyo tarehe 29, karibu na adhuhuri. Mikesha miwili ikawa imepita, na mbio hazikusimama hata mara moja.

Mtu hudhani ugumu wa jambo hili uko miguuni. Mimi si mkimbiaji, lakini naona ugumu wake uko katika kungoja. Aliyepangiwa saa tisa za usiku hana mamlaka juu ya saa yake. Mwenziwe akichelewa, naye amechelewa. Akinyoosha viungo mapema, vitapoa. Akiketi, usingizi utamchukua. Wala zama hizo hapakuwa na simu ya mfukoni ya kuuliza, "Umefika wapi?"

Marehemu mama yangu alipougua, tulikuwa ndugu watano tukimuuguza kwa zamu. Yangu ilianza saa nane za usiku, baada ya dada yangu. Usiku mmoja nilipitiwa na usingizi nyumbani. Dada alikaa hadi alfajiri bila kumtuma mtu kuniamsha, kisha akaenda moja kwa moja kuwatayarisha wanawe kwenda shule. Miaka mingi imepita, na hajanitajia hata siku moja. Ningependa angenitajia.

Aliyekimbia sehemu ya mwisho kwa timu ya mashariki ni Shizo Kanakuri, na kisa chake ndicho kilichonitia hamu ya kuandika. Mwaka 1912 alikuwa amepelekwa kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm, safari ya meli na treni iliyochukua zaidi ya majuma mawili. Siku ya marathoni jua lilikuwa kali mno; mkimbiaji mmoja wa Ureno alifariki dunia. Kanakuri aliishiwa nguvu njiani, akasaidiwa na watu wa nyumba moja, akarejea kwao bila kuwaarifu wasimamizi. Huko Uswidi akahesabiwa kuwa amepotea. Ilipofika mwaka 1967, akiwa mzee wa miaka 75, alialikwa kwenda kuikamilisha safari yake, akatangaziwa muda wa miaka 54, miezi minane na siku sita, na saa zake juu.

Basi mtu huyo aliyeanguka peke yake ugenini ndiye aliyekuja kuipokea zamu ya mwisho ya Tokaido, wenziwe 22 wakiwa wametangulia kumsogezea njia. Kwa upande wa magharibi, zamu ya mwisho alipewa Yutaka Hibino, mwalimu mkuu wa zamani aliyekwisha fika miaka hamsini. (Nami ni wa rika hilo, na ngazi za darasani kwangu nazipanda nikihema.)

Mwaka 1920 Kanakuri alikuwa miongoni mwa walioasisi mbio za vyuo vikuu za Hakone: kutoka Tokyo hadi milimani na kurudi, wakimbiaji kumi, siku mbili. Mwaka ule vilishiriki vyuo vinne tu, na kwa kuwa wanafunzi walikuwa na masomo asubuhi, walianza saa saba mchana. Sehemu ya kupanda mlima ikawakuta gizani.

Wenzetu nao wameingia katika mila hiyo. Joseph Otwori alikimbia Hakone mwaka 1989, na Wakenya kadhaa wakamfuata. Naye Douglas Wakiihuri, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa amekwenda Japani mwaka 1983 kufunzwa na Kiyoshi Nakamura. Mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma. Mabinti nao wasidhani wamesahauliwa: tangu mwaka 1983, kila Januari, wanawake wa majimbo yote 47 hukimbia Kyoto, tisa tisa wakigawana masafa ya marathoni, na wasichana wa shule huwekwa katikati ya dada zao wakubwa.

Katika mbio hizi hakuna kijiti. Kinachopokezwa ni tasuki, ukanda wa kitambaa unaovaliwa begani na kupita kifuani, ambao huwa umelowa jasho la wote waliotangulia. Hakone ina sharti moja zito. Timu ikiachwa nyuma kupita muda uliowekwa, anayengoja huamriwa kuondoka na ukanda mwingine, hata kama mwenziwe anaonekana pale kwenye kona. Yule hufika akiwa ameushika mkononi ule wa asili, na mbele yake hayupo wa kuupokea. Wengi huanguka hapo hapo wakilia. Wenziwe wa akiba huwa wamesimama na taulo, humfunika, wakamwinua.