Ng'ombe Aliyehamishwa Boma

Mgonjwa akishaambiwa ana saratani, swali linalofuata ni "iko hatua ya ngapi?" Halafu lipo lile ambalo mwanawe huliuliza kwa sauti ya chini nje ya mlango: "Daktari, mama atakaa nasi muda gani?" Wengi hudhani jibu la kwanza ni jibu la pili. Yana undugu, ila si wa tumbo moja.

Tumchukulie bibi wa Oloipiri, tarafa ya Loliondo, aliyekoma hedhi miaka kumi iliyopita, kisha akaona damu. Karibu wanawake tisa kati ya kumi wenye saratani ya utando wa ndani wa kizazi huanza hivyo. (Hii si ile ya mlango wa kizazi, inayotokana na kirusi cha HPV na inayotajwa zaidi kwenye kampeni zetu.) Bibi akifika Hospitali ya Wasso na kuchukuliwa kinyama, kinyama hicho kinahitaji jicho la mtaalamu wa patholojia. Hapo ndipo safari ya kupitia Sale, Engaresero na Mto wa Mbu inapoanza, pengine hadi hospitali ya KCMC, Moshi.

Hatua zenyewe hupangwa na FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi. Ya kwanza, uvimbe haujatoka ndani ya kizazi. Linalotazamwa ni kama umechimba nusu ya unene wa msuli wake. Ya pili, umeingia kwenye nyama ya mlango wa kizazi. Ya tatu, umefika kwenye ovari, uke au mitoki ya nyonga na ya pembeni mwa mshipa mkuu wa damu. Ya nne ni kibofu, utumbo, au mbali kama mapafu.

Sasa, hakuna daktari anayeweza kujua uvimbe umechimba msuli kiasi gani kwa kubonyeza tumbo. Ndiyo maana mwaka 1988 FIGO iliachana na makisio ya vidole ikataka kizazi kitolewe kwanza, kikatwe na kutazamwa kwa hadubini. Nchini Marekani, saratani ikikutwa bado ndani ya kizazi, takriban wanawake 95 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano, wakilinganishwa na wenzao wa umri wao wasio nayo. Ikishafika viungo vya mbali, hawafiki robo.

Lakini takwimu hizi zina ujanja wake, na mfugaji wa Loliondo ataung'amua haraka kuliko mwanafunzi wangu. Boma moja lina ng'ombe wa kilo 300, 280 na 200. Wastani ni 260. Boma la pili lina wa kilo 150 na 160. Wastani ni 155. Mhamishe yule wa 200. Boma la kwanza linapanda hadi 290, la pili hadi 170, na hakuna ng'ombe aliyeongezeka hata kilo moja. Alvan Feinstein na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1985 kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu.

Kwenye kizazi huwa vivyo hivyo. Mitoki ikitolewa na kupimwa, mwanamke aliyedhaniwa yuko hatua ya kwanza hukutwa na chembe za saratani huko, akahamia ya tatu. Hatua zote mbili zinapata takwimu nzuri zaidi, naye ni yuleyule. Mwaka 2023 FIGO ilihamisha ng'ombe wengi zaidi: uvimbe ulioingia msulini, ukiwa na hitilafu ya protini ya p53, hupelekwa hatua ya pili hata kama haujatoka kizazini, na ule wa hatua ya kwanza au ya pili wenye badiliko la jeni ya POLE huwekwa mwanzo wa ya kwanza, kwa sababu hurudi mara chache mno.

Kwa hiyo barua ya majibu ya bibi yetu ikisema "hatua ya kwanza", mimi hutafuta mstari wa chini yake: mitoki ilipimwa? Isipopimwa, ile 95 ya Marekani si yake moja kwa moja. Humo bomani huenda yumo ng'ombe ambaye hajahamishwa. Tena kwa waliowahi, mara nyingi moyo ndio unaoua, si saratani, hivyo presha na sukari zake nazitazama kwa uzito uleule. Kisha tunakaa na mwanawe kuangalia kina cha uvimbe na ukali wa chembe, tuone kama inafaa bibi afunge safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akapate mionzi.