Mwanafunzi, Umeme na Mazingira: Nafasi ya Kiswahili katika Mafunzo ya Nyanjani Ukanda wa Ziwa

Utangulizi

Huko Marekani, likizo ya kiangazi ni majira ambapo kampuni za umeme huwapokea wanafunzi wa vyuo ili wajifunze kazi za uhifadhi wa mazingira. Kenya haina kiangazi cha namna hiyo, lakini inayo mafunzo ya nyanjani, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita atachimenti. Kwa kawaida huchukua takriban miezi mitatu, aghalabu wakati wa likizo ndefu. Makala haya yanadhamiria kueleza kazi anayokabidhiwa mwanafunzi wa mazingira katika sekta ya umeme, kisha kuonyesha kwamba kazi hiyo haikamiliki pasipo lugha. Mifano yetu inatoka Rusinga na maeneo yanayokizunguka kisiwa hicho.

Funzo la Rusinga

Katika mwongo wa 1980, kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na Mbita kwa tuta la mawe na udongo. Wakazi walipata barabara, ila tuta hilo liliziba mkondo wa maji uliokuwa ukipita kati ya Ghuba ya Winam na ziwa lenyewe. Katika mwongo wa 2010 ilibidi lijengwe daraja ili maji yapite tena. Tuta hilo halikujengwa na kampuni ya umeme, lakini linatufafanulia kwa ufupi maana ya athari za kimazingira: jambo jema kwa barabara laweza kuwa baya kwa samaki, na gharama yake hujitokeza baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ya mwanafunzi

Mitambo ya umeme nayo ina maswali yake. Katika Kaunti ya Migori, kwenye Mto Kuja, upo mtambo mdogo wa Gogo uliojengwa katika mwongo wa 1950, wenye uwezo wa megawati 2. Kaskazini zaidi, kwenye Mto Sondu, KenGen ina mtambo wa Sondu Miriu wa megawati 60 na ule wa Sang'oro wa megawati 21, uliokamilika mwaka 2012. Sondu Miriu haina bwawa kubwa. Maji huchepushwa mtoni, yakapitishwa kwenye handaki refu, yakazungusha mitambo, kisha yakarejeshwa mtoni.

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Ni sharti sehemu ya mto iliyopunguziwa maji ibakiziwe kiasi cha kuwatosha watu, mifugo na samaki. Ningu, kwa mfano, hupanda mito kutoka ziwani ili kutaga mayai. Mwanafunzi aweza kutumwa kupima kina cha maji, kukusanya sampuli za mashapo, kuhesabu miche iliyostawi katika vyanzo vya mito, au kuandika malalamiko ya majirani wa mtambo.

Upande wa usambazaji, hatari ni nyingine. Baadhi ya transfoma za zamani zilitiwa mafuta yenye kemikali za sumu ziitwazo PCB. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kutumia vifaa vyenye kemikali hizo, na mwaka 2028 kuwa ukomo wa kuziharibu kwa njia salama. Ilhali nchini humu imeripotiwa mara nyingi kwamba mafuta ya transfoma huibwa, na mengine huishia kwenye vikaango vya chakula. Tahadhari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mla chakula haimwokoi.

Suala la lugha

Sheria ya mazingira ya 1999 iliufanya uchunguzi wa athari kuwa wa lazima kwa miradi mikubwa. Kanuni zake za 2003 ziliagiza mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, ifanyike mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, na maoni ya watu, yakiwemo ya mdomo, yarekodiwe pamoja na tafsiri zake. Nayo Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili.

Pamoja na hayo, ripoti zenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa sayansi huzungumza kuhusu bioanuwai. Mvuvi huuliza iwapo ningu watarudi. Swali ni moja, ila asiyekuwepo mtu wa kuwaunganisha, kila mmoja huondoka akidhani mwenzake hakumjibu. Rusinga hali ni nyeti zaidi: Kisuba, lugha asilia ya kisiwa hicho, kimepoteza wasemaji wengi waliohamia Kidholuo. Kwa hiyo Kiswahili kisiende huko kumeza lugha nyingine. Kiwe daraja kati ya mtaalamu mgeni na mzee wa ufuoni, huku Kidholuo na Kisuba vikipewa nafasi yake mkutanoni.

Hitimisho

Tumezoea kudhani kwamba mwanafunzi wa Kiswahili akitoka chuoni ataenda shuleni, redioni au kwenye gazeti. Makala haya yanapendekeza mlango wa nne. Idara zetu ziziombe kampuni za umeme zimpokee mwanafunzi mmoja wa lugha kwa kila kundi la wanafunzi wa mazingira. Kazi yake iwe kutafsiri muhtasari wa ripoti, kuandika kumbukumbu za mikutano na kukusanya istilahi kutoka kwa wavuvi na wakulima wenyewe. Vyama vyetu vyaweza kuanza na faharasa fupi ya maneno hamsini ya umeme na mazingira, yakajaribiwa Mbita kabla ya kuchapishwa. Haki ya mazingira safi imo katika Kifungu cha 42 cha Katiba. Lakini ni vigumu mtu kuidai kwa ripoti asiyoweza kuisoma.