WANYIME WADUDU HEWA, UOKOE MAHINDI YAKO

Mkulima wa Kibiti, kazi haiishi siku ya kuvuna. Mahindi ya mlau uliyoyalinda na nguruwe mwitu ukiwa juu ya dungu yaweza kumalizwa ghalani na mdudu mdogo kuliko punje. Aliye mbaya zaidi ni dumuzi, mgeni kutoka Amerika aliyeonekana Tabora karibu na mwaka 1980, kisha akaenea. Yeye huyageuza mahindi kuwa vumbi.

Lakini mdudu naye hupumua. Tumia mfuko usiopitisha hewa, yaani gunia lenye mifuko miwili ya plastiki nzito ndani yake. Njia hii ilianzia Kameruni kwa kuhifadhi kunde, katika miaka ya 1980. Wadudu waliofungiwa humo huimaliza hewa iliyobaki, huacha kula na kuzaa, kisha hufa. Dawa haihitajiki.

Fuata kanuni hizi:

1. Anika mahindi juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo. Kisha tia punje kiasi pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu. Tikisa vizuri, uache robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi hayajakauka, anika tena.

2. Pepeta, uondoe punje zilizooza.

3. Jaza upepo kila mfuko wa plastiki, uubane. Ukivuja, usiutumie.

4. Jaza mahindi, shindilia, kamua hewa yote. Sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba. Anza na mfuko wa ndani, kisha wa pili, kisha gunia.

5. Weka juu ya vichaga, mbali na ukuta. Tundu moja la panya huharibu kazi yote.

6. Usifungue kabla ya mwezi mmoja. Kila ukitoa chakula, funga upesi.

Angalia sana: mfuko haukaushi chakula. Mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Wala usifungie humo samaki au nyama, kwani pasipo barafu viko vijidudu vya sumu vinavyositawi penye kukosa hewa.

Ukihifadhi hivi, hutalazimika kuuza kwa bei ya chini wakati wa mavuno, kisha kununua kwa bei ya juu wakati wa njaa. Mwulize Bwana Shamba wako akuonyeshe kufunga mfuko wa kwanza.